Tundu la Katikati

Shemeji yake alimsingizia. Lisemwe hivyo hivyo, bila kuzungushwa. Alisimama kando ya pipa la dizeli, mbele ya watu tisa, akasema mke wa kaka yake anauza dizeli ya malori na kujazia maji, na kwamba pampu ya lori kubwa imekufa kwa sababu hiyo. Ulikuwa uongo. Kama siku ile hakujua kilichoiua pampu, alijua fika ni nani aliyefunga filta ya lori lile, na mtu huyo hakuwa mke wa kaka yake.

Mwanamke mwenyewe gereji nzima ilimwita Mama Chupa, na jina hilo alilipata kwa kazi. Mumewe alikuwa dereva wa malori hayo hayo mpaka mgongo ulipomgomea. Alipoanza kushinda kitandani, tajiri mwenye gereji alimchukua mke aje kuosha vyuma. Akaosha vyuma mwaka mzima, mikono ikinuka mafuta ya taa hata wakati wa kula. Darasa hakulikanyaga hata siku moja, na herufi kwake zilikuwa kama nyayo za kuku kwenye majivu. Lakini macho alikuwa nayo, na kuuliza hakuona haya. Akishika chuma anauliza, hiki cha nini? Wakimjibu, anakumbuka. Wakimcheka, anakumbuka pia.

Katika vyote alivyoosha, alichokipenda ni filta ya dizeli, ile yenye bakuli la kioo chini yake. Dizeli haiji safi kamwe. Huja na maji ya tangi la muuzaji, maji ya mvua yaliyopenya kwenye kifuniko, na jasho la tangi lenyewe likilala nusu tupu. Maji ni mazito, huzama, dizeli ikabaki juu. Lile bakuli limewekwa pale ili maji yapate pa kukaa kabla hayajafika kwenye pampu. Ila bakuli halijimwagi. Lazima mtu alimwage asubuhi, lori likiwa limelala na kutulia, kabla hajatokea wa kugusa ufunguo. Dereva akishawasha, kila kitu kimevurugika na maji yamepanda naye safari.

Basi kila asubuhi alipita lori kwa lori na chupa zake. Zilikuwa sita, zimepangwa kwenye rafu karibu na mlango, moja kwa kila lori. Kwa kuwa hakujua kuandika, alizungushia waya kwenye shingo za chupa: fundo moja ni lori la kwanza, mawili la pili, mpaka mafundo sita. Anategesha chupa chini ya koki ya bakuli, anafungua kidogo, anatazama. Kwanza yanatoka maji, meupe yenye taka. Halafu inafuata dizeli na rangi yake. Anafunga koki na kuinua chupa kwenye mwanga. Mstari kati ya maji na dizeli hukaa sawa kabisa. Maji yakiwa kidole kimoja, roho yake imetulia. Yakiwa vidole vitatu, anamtafuta dereva.

"Baba, jana ulijaza wapi?"

"Kumbe Mama Chupa umekuwa polisi?"

"Polisi ungezungumza naye akakuachia. Mimi sikuachii. Ulijaza wapi?"

Walicheka, lakini walimwambia, na mahali pale hawakujaza tena. Kwa miaka kumi na mmoja hakuna pampu iliyokufa mikononi mwake.

Filta ikichakaa, yeye ndiye aliyeibadilisha, na namna yake ilikuwa ya polepole. Aliipaka dizeli raba ya filta mpya kwa kidole, akaifunga ikiwa tupu, akaikaza kwa mkono bila spana. Kisha akaegemea injini na kupiga ile pampu ndogo ya mkono, juu chini, juu chini, mara mia, mara mia mbili, mpaka dizeli ipande yenyewe kutoka kwenye tangi na upepo utoke kwa mapovu kwenye skrubu aliyoilegeza. Mapovu yakiisha, anakaza. Ilikuwa kazi ya robo saa na ushee, na usiku bega lilimkumbusha. Mtu mwenye haraka haiwezi.

Shemeji yake alikuwa mtu mwenye haraka. Alikuwa mdogo wa mumewe, tumbo moja, na ndiye aliyekuwa fundi mkuu. Cheti chake alikitia fremu akakitundika ukutani juu ya vaisi ya kubania vyuma, akakifuta vumbi mara nyingi kuliko alivyozifuta spana. Yeye filta aliifunga kwa dakika tatu. Anachota kopo la dizeli kwenye pipa la wazi lililokuwa katikati ya uwanja, pipa ambalo upepo uliingiza humo kila kilichokuwa chini, anamimina kwenye filta mpya mpaka ijae, anaikaza, anapiga ufunguo, injini inaitika. Madereva walipenda sana.

Filta hiyo ukiitazama usoni ina tundu moja kubwa katikati na vitundu vidogo vimelizunguka. Dizeli huingia kwa vitundu vya pembeni, hupita kwenye karatasi iliyokunjwakunjwa ndani, ikaacha uchafu humo, ndipo ikatoka safi kwa tundu la katikati kwenda kwenye pampu. Shemeji alimimina katikati, kwa kuwa ndiko kunakopitisha upesi.

Siku ya kwanza Mama Chupa alipomwona, alimvuta pembeni asimwaibishe.

"Shemeji, hapo katikati ndipo safi inapotokea. Ukimimina hapo, taka za pipa zinakwenda moja kwa moja kwenye pampu. Hazipiti kwenye karatasi."

"Umesomea wapi hayo, shemeji?"

"Nilikata filta moja kuukuu kwa msumeno, nikatazama."

Shemeji akageuka na kupaza sauti, gereji nzima isikie. "Jamani, tumepata profesa wa msumeno!"

Walicheka mpaka wapakiaji wa mizigo. Kuanzia siku ile fundi mkuu akatangaza kwamba kufunga filta ni kazi yake, kwa maana Mama Chupa anachelewesha malori. Yeye abaki na chupa zake.

Hazikupita wiki tatu, lori kubwa lilizima katikati ya mlima likiwa na mzigo wa saruji. Dereva wake walimwita Bubu, jina la utani, kwa sababu hakunyamaza hata akitafuna. Bubu alirudi amekokotwa kwa mnyororo, amepauka, akisimulia jinsi lori lilivyoanza kukohoa, likatoa moshi mweupe, likafa, na jinsi alivyoteremka kuweka mawe nyuma ya magurudumu. Pampu ilikuwa imekwisha. Nozeli zote sita, zile zinazopuliza dizeli ndani ya injini, zimekwisha.

Tajiri alitoka ofisini. Alijua bei ya saruji na tabia za wateja, lakini dizeli na maji ya kuoshea mikono kwake vilikuwa ndugu. Akauliza, "Nani amefanya hivi?"

Shemeji hakusita hata kidogo. Alikwenda kwenye rafu, akachukua chupa ya mafundo manne, ya lori lile, akarudi nayo kando ya pipa, akaiinua. Chini kulikuwa na maji ya asubuhi, vidole viwili.

"Maji haya hapa, tajiri. Kwenye chupa yake mwenyewe. Mnadhani kila asubuhi anafanya nini chini ya malori? Anachota dizeli, anauza, anarudishia maji."

"Hayo nimeyatoa!" Mama Chupa alisema. "Shemeji, hayo ndiyo niliyoyatoa!"

"Umeyatoa wapi kama hayakuwemo? Na kama yalikuwemo, aliyatia nani?"

Jibu analo mtu yeyote aliyewahi kushika koki. Lakini tajiri hakuwahi kuishika. Alimtazama Bubu, na Bubu, kwa mara ya kwanza katika maisha yake, alitazama viatu vyake asiseme kitu. Watu tisa walikuwepo. Hakuna aliyefungua mdomo. Tajiri akasema asigusane tena na dizeli, na kama si heshima ya mumewe angemwambia asikanyage tena uwanjani hapo. Akapewa ufagio.

Nyumbani alimweleza mumewe, yeye amesimama, mume amelala chali na mto chini ya magoti.

"Wewe unanijua," alisema. "Nimetia maji mimi?"

Mumewe alikodolea macho dari. "Ni mdogo wangu. Siku niliyoanguka ndiye aliyenibeba mgongoni mpaka hospitali. Unataka nimfanye nini?"

"Nataka useme."

Hakusema. Mwanamke alikwenda jikoni, akawasha moto, akapika, akamlisha. Lakini tangu siku hiyo alimpa chakula bila neno.

Miezi saba alifagia. Alifagia majani, kokoto na vichungi vya sigara, akapita na ufagio wake mbele ya rafu yenye chupa sita zilizokauka, waya zikianza kuingia kutu. Alichotamani ni kitu kimoja, watu waseme kwamba hakutia. Hata kurudishiwa kazi kwake lilikuwa jambo la pili. Wapakiaji walimbadilisha jina wakamwita Mama Maji. "Mama Maji, nina kiu!" Alizoea kutojibu. Siku moja tu alijibu, pale shemeji alipokuja nyumbani kumsalimia kaka yake, akaketi, akajinyoosha, akasema, "Shemeji, nipatie maji ya kunywa."

"Maji?" alisema kutoka jikoni. "Niyatoe wapi mengine, shemeji, na yote nimekwisha kuyatia kwenye tangi lako?"

Mumewe alikohoa. Kilikuwa kicheko alichokimeza. Shemeji aliondoka na kiu yake.

Mwezi wa tano wa kufagia kwake lori jingine lilikufa. Mwezi wa saba likafa la tatu. Mama Chupa alikuwa na ufagio mkononi mara zote mbili, na wote walimwona. Hapo hata tajiri, asiyejua dizeli, alianza kukuna kichwa. Kama mwizi wa dizeli ameondolewa, mbona pampu zinaendelea kufa? Hakumuuliza fundi mkuu. Alimleta fundi wa pampu.

Fundi wa pampu alikuwa mtu mfupi mwenye mafua, akivuta kamasi kila baada ya maneno manne. Alitandika kitambaa cheupe juu ya meza, akafungua pampu ya lori la tatu kipande kwa kipande, akavipanga kama mtu anayeandaa meza ya wageni. Akachukua kijiti kimoja cha chuma, akakigeuza kwenye jua, akamwita tajiri.

"Pitisha ukucha hapa. Unasikia?"

"Kuna michirizi."

"Mchanga. Vumbi laini. Maji yangeleta kutu, yakala chuma kwa madoa. Hapa pamekwaruzwa." Akavuta kamasi. "Ni ugonjwa ule ule wa pampu ya kwanza, ile ya lori lililozima mlimani. Niliitengeneza mimi. Haikuwa na doa la kutu."

Ufagio ulisimama. Mama Chupa alikuwa hatua sita kutoka mezani, na alisikia kila neno.

"Ya kwanza?" tajiri aliuliza. "Ya kwanza si ilikuwa maji?"

"Nani kakwambia? Nilimwambia aliyeileta. Nikamwonyesha na michirizi yenyewe. Nikamwambia, tazameni mnavyofunga filta." Akainua kichwa, akawapitia watu mmoja mmoja, akaelekeza bisibisi. "Huyu hapa."

Fundi mkuu akasema watu wengi walikuwa wanapeleka vitu siku hizo, hakumbuki vizuri. Fundi wa pampu hakuwa mtu wa kubishana. Alisema tu, "Filta mpya mnayo? Ifunge nione."

Hapo Mama Chupa aliona jambo ambalo mpaka leo akilikumbuka anatikisa kichwa. Shemeji hakuogopa. Alikwisha kuambiwa miezi saba nyuma, lakini hakuwahi kuamini, kwa kuwa hayakuandikwa kwenye cheti chake na aliyeyasema mwanzo alikuwa mwosha vyuma. Alikunja mikono ya shati, akatoa filta kwenye boksi, akachota kopo kwenye pipa la wazi na kumimina kwenye tundu la katikati, akitabasamu, akionyesha wasiojua jinsi fundi anavyofanya.

"Rudia," alisema fundi wa pampu.

"Nirudie nini?"

"Hapo ulipomimina. Rudia, tajiri aone."

Akarudia. Fundi wa pampu akaipokea filta ile, akaigeuza juu ya kitambaa cheupe, dizeli ikatiririka kwa tundu lile lile la katikati. Juu ya kitambaa pakabaki chembe nyeusi, kipande cha ubawa wa mdudu na mchanga laini kama unga.

"Hii imekwenda kwenye pampu," alisema. "Haina mtu wa kuizuia."

Shemeji akajitahidi mara ya mwisho. "Sawa, hii nimefunga mimi. Lakini ile ya lori la mlimani aliifunga yeye."

"Hapana," sauti ikasema.

Alikuwa Bubu. Alikuwa ameketi kwenye ngazi ya lori lake na kikombe cha chai, akakiweka chini.

"Ulifunga wewe, fundi. Nilikuwa nimekaa hapa hapa nilipo. Ukanikabidhi boksi nitupe. Ukaniambia, dakika tatu, Bubu, angalia saa. Nikaangalia saa."

"Mbona hukusema siku ile?" tajiri alimgeukia.

"Safari anagawa yeye, tajiri. Nina watoto wanne." Kisha akamtazama Mama Chupa, macho yamelowa. "Mama, mimi huongea upuuzi kutwa. La maana lilikuwa moja, na ndilo nililolimeza. Nisamehe."

Mama Chupa alitaka kusema neno kali. Alikuwa nalo, amelitunza miezi saba, amelinoa. Lakini kifua chake kilifunguka ghafla, pumzi ikamtoka ndefu, akajikuta ameketi juu ya tairi kuukuu huku anacheka na machozi yanamtiririka. Haikuwa furaha hasa. Ilikuwa kama mtu aliyetuliwa gunia begani na bado shingo imeinama.

Fundi wa pampu akauliza zile chupa pale kwenye rafu ni za nani.

"Za huyu mama," mpakiaji mmoja akasema. Hakusema Mama Maji.

Fundi wa pampu akazichukua, akayatazama mafundo, akacheka mpaka akapiga chafya. Kisha akalala chini ya lori la karibu, akafungua koki ya bakuli. Yalitoka maji. Yakaendelea kutoka. Chupa ilijaa mpaka shingoni kabla dizeli haijaonekana. "Mlikuwa na mtu wa kuwatolea maji," alimwambia tajiri, "mkampa ufagio."

Tajiri alimwita kwa heshima mbele ya wote. "Mama, malori haya ni yako kuyatazama. Filta zote, chupa zote. Asikuingilie mtu."

"Na pipa hili lifunikwe," alisema, akiwa bado juu ya tairi.

"Lifunikwe!"

Alianza na lori la Bubu. Akanawa mikono, akapaka raba dizeli, akafunga filta ikiwa tupu, akakaza kwa mkono. Akapiga pampu ya mkono, juu chini, juu chini. Bega lililokaa bure miezi saba lililalamika, akaliacha lilalamike. Mapovu yakatoka, yakapungua, yakabaki mawili, moja, yakaisha. Akakaza skrubu. Bubu akapiga ufunguo na injini ikaitika, ikatulia, ikanguruma sawasawa. Asubuhi iliyofuata Bubu alipandisha mlima ule ule na mzigo wa saruji kama ule. Adhuhuri alirudi, akapiga honi kuanzia langoni.

"Halikukohoa, Mama! Hata kusafisha koo halikusafisha!"

Jioni ya siku ile ya fundi wa pampu, habari zilifika nyumbani kabla ya Mama Chupa. Alimkuta mumewe amejiinua, ameketi ukingoni mwa kitanda, jambo lililomchukua si chini ya nusu saa na maumivu mengi.

"Nilijua hukutia," mume alisema.

"Ulijua, ukanyamaza."

"Nikanyamaza. Nimekukosea, mama watoto. Hilo nalisema nikiwa nimekaa, nisiliseme nimelala."

Alimsogelea. Kisha akamwekea mto nyuma ya mgongo, akaketi kando yake, na kwa mara ya kwanza baada ya miezi saba walikula pamoja wakizungumza. Usingizi wake siku hiyo ulikuwa mzito kama wa mtoto.

Sasa kila asubuhi chupa sita zinashuka kutoka kwenye rafu. Waya ni mpya. Maji ni kidole kimoja, na kwenye lori la tano, ambalo kifuniko chake kilikuwa kimelegea, ni viwili, na amekwisha kuagiza kifuniko kingine. Wapakiaji wamelirudia jina lake la zamani. Bubu amelipa lake, mume amelipa lake, na tajiri, kwa namna yake, amelipa.

Shemeji bado ni fundi mkuu. Injini anazijua, hilo halina ubishi. Filta hagusi. Siku ya pili baada ya yale alisimama karibu na rafu, akafuta mikono kwa kitambaa ambacho tayari kilikuwa kisafi, akasema kwa sauti ya chini, hapakuwa na mtu mwingine, "Basi shemeji, yamepita."

"Hayajapita," alimjibu, chupa ikiwa kwenye mwanga. "Ulisema kwa sauti."

Watu tisa wale wote bado wapo pale pale. Pipa nalo lipo, lina kifuniko. Shemeji hulipita mara kumi kwa siku. Anadaiwa kusimama kando yake, saa ya kazi, wote wakisikia, na kusema kwamba mke wa kaka yake hakutia maji, na kwamba yeye alijua. Anadaiwa yeye, wala hakuna wa kumlipia. Mpaka asubuhi ya leo hajasema.